Anti nisaidie: riwaya nimeikava kwa kaki, juu nimeandika Hisabati

Shikamoo Anti. Jina langu naomba usiliweke, niite tu Mama Wawili wa Kinyerezi.

Mi nina watoto wawili, wa kiume ana miaka 10 na wa kike ana 7, na huu ni mwaka wa pili nawafundisha nyumbani. Usidhani tulikua na falsafa yoyote, ilikua ni basi la shule tu. Mtoto anapitiwa saa kumi na moja kasorobo alfajiri, giza totoro, anazungushwa mitaa yote mpaka basi lijae, jioni anarudishwa saa kumi na mbili na nusu yuko hoi, anasinzia na tonge mkononi alafu homuweki bado inamsubiri. Yule mdogo alipofikia kuanza la kwanza nikasema huyu kwenye lile basi hapandi. Nilikua nafanya kazi ofisi moja mjini, ukitoa nauli na hela ya dada wa kazi mshahara wenyewe unabaki jina, nikaacha. Baba watoto anafanya mambo ya kliaringi, kuwatolea watu mizigo yao pale bandarini, alikubali ila akaniambia neno moja tu, "Kama unafanya fanya kweli, sitaki ndugu zangu waje wanicheke."

Na kweli nafanya Anti. Vitabu tunatumia vya TET, Taasisi ya Elimu Tanzania, Kingereza na sayansi tunachanganya na vya Cambridge, mtaala wa Uingereza, ratiba iko ukutani, na kuna kundi la wasap la sisi kina mama wa Dar tunaofundisha nyumbani, tunapeana moyo na vitabu. Sasa hivyo vitabu ndo vimeniletea balaa. Leo mtu anatupia PDF ya John Holt, Mmarekani, ye anasema mtoto mwache afuate kinachomvutia atajifunza, hujafika ukurasa wa kumi mwingine anakuletea Charlotte Mason, mama wa Kiingereza wa zamani, masomo yawe mafupi na mtoto akusimulie mwenyewe alichosomewa, unasema sawa hii naiweza, kesho anaingia Susan Wise Bauer, Mmarekani mwingine, na ratiba zake, historia ya dunia nzima unaizungusha kila miaka minne na Kilatini juu yake. Kilatini Anti! Kinyerezi! Simu imejaa mpaka haipokei picha na hakuna hata kimoja nilichokimaliza. Nikikifungua naona kama nasomewa mashtaka, kila ukurasa kuna kitu wanangu sijawafanyia.

Ninachosoma nikamaliza ni riwaya za Kiswahili. Nimeanza tangu binti, mzee wangu alikua nazo zile za Elvis Musiba, za yule mpelelezi Willy Gamba, nikawa namnyemelea akilala mchana. Saivi nanunua mitumba kwa wale jamaa wanaotandaza vitabu chini kule Posta. Baba watoto ananipa elfu hamsini ya vitabu kwa mwezi, mi namo nachomoa kidogo, elfu tano, siku nyingine elfu saba, nanunua changu. Najua ni kama naiba. Hela ya watoto na muda wa watoto.

Sasa mwezi wa pili baba watoto alirudi ghafla saa tano asubuhi, kasahau makaratasi ya mzigo wa mtu. Akanikuta sebuleni, mkubwa anafanya maswali ya hesabu za sehemu, mdogo anaandika imla aliyomaliza kusomewa, maharage jikoni, na mi niko kwenye kochi na riwaya ya Kuli ya Adam Shafi, nimenogewa hata mlango sijasikia. Hakugomba. Bora angegomba. Aliangalia kitabu, akaniangalia mimi, akasema "Kumbe shule yenyewe ndo hii," akachukua makaratasi yake akaondoka. Usiku tukaongea, akasema yeye haelewi shule gani mwalimu anasoma hadithi saa za kazi, na kwamba mama yake kila akipiga simu anauliza wajukuu zake wataenda lini shule kama watoto wa wenzao na yeye anakosa la kujibu. Nikamwambia basi naacha, mpaka watoto wakue.

Sikuacha. Nilikaa wiki chache nikawa kama mgonjwa, mkali kwa watoto, kila kitu kinanikera. Nikachukua riwaya nikaikava kwa kaki kama tunavyokava madaftari, juu nikaandika kwa maka peni HISABATI DARASA LA TANO, nikaichomeka kwenye rafu pamoja na vingine. Nasoma watoto wakiwa kwenye kazi, baba yao akiingia naonekana naandaa somo.

Ikaenda vizuri mpaka siku moja mkubwa akatumwa na mdogo wake amletee kitabu cha hisabati. Nilikua naanika nguo. Narudi namkuta amesimama pale kwenye rafu anasoma, midomo inacheza. Akaniona, akakifunga taratibu, akakirudisha palepale, hakusema kitu na mimi sikusema kitu. Baada ya siku kadhaa nafagia chumbani kwao nakuta daftari limekavwa kwa kaki, limeandikwa SAYANSI, mwandiko wake ule wa kulalia kushoto, kufungua ndani ni kitabu cha katuni. Kumbe hata kile kipindi anajisomea "sayansi" nikawa namsifia kwa baba yake...

Nimsemeje Anti? Kwa mdomo gani? Wenzangu kwenye kundi nilivyowagusia kwa mbali wakasema mama anayefundisha nyumbani raha zake anaweka kando, na akisoma asome vya kumjenga. Niache kabisa? Nimwambie baba watoto ukweli na yeye ndo kwanza ametulia? Au niwarudishe tu watoto shule yaishe? Nisaidie, usiku silali.

Mama Wawili, Kinyerezi

*

Marahaba mwanangu. Nianze kwa kuungama kwamba nilipofika pale pa SAYANSI nilicheka mpaka jirani akaniuliza kuna nini, nisamehe, najua kwako siyo kichekesho. Hasa hapo uliposema hulali.

Nikikusikia vizuri, unaniambia hivi. Uliacha kazi ukachukua mzigo mkubwa kwa ajili ya afya ya wanao, mumeo akakuunga mkono nusu kwa imani na nusu kwa mashaka, siku aliyokukuta na riwaya yale mashaka yakapata ushahidi, ukaahidi kuacha ukashindwa, ukaficha, na mtoto akakuona akaiga. Sasa unahisi umekosa pande zote, na njia unazoziona ni mbili tu, ama uache kusoma unachopenda ama uvunje shule yenyewe. Mi naona katikati hapo kuna nafasi kubwa kidogo, ila twende taratibu.

Kwanza hilo neno lako "naiba". Umelitumia kwa hela na kwa muda kwa pamoja, na mimi nataka nivitenganishe maana havifanani. Hela ni kweli mlikubaliana ni ya vitabu vya watoto, na hiyo elfu tano hukuisema. Ni kidogo, ila kwenye ndoa kidogo kisichosemwa siku kikijulikana kinahesabiwa kikubwa. Muda je? Muda wa watoto ni upi? Kuanzia saa mbili asubuhi mpaka unapolala? Mwalimu wa shule yoyote hapo mjini akiwapa watoto zoezi anakaa, ana kiti stafurumu, ana mapumziko ya chai na hakuna anayemuuliza amesoma gazeti gani. Wewe hujajipangia mapumziko ndani ya ile ratiba ya ukutani, au nimekosea? Angalia tena ratiba yako uniambie kama kuna mstari wenye jina lako.

Ila nisimwonee baba watoto. Kakaa pale mlangoni dakika mbili tatu, kaona mkewe amezama kwenye kitabu hata mlango hasikii, na mtoto yuko peke yake na sehemu. Sehemu ndugu zangu zinasumbua watu wazima. Ukiniapia kijana hakua amekwama nitakuamini, lakini kwa kunogewa kule ungejua kweli kama amekwama? Hilo ni swali lako, nakuachia. Kuna tofauti ya kusoma wakati watoto wanafanya kazi na kusoma mpaka ukatoka nyumbani kwa akili, na hiyo unaijua wewe tu.

Nije kwa hao wazungu waliojaa kwenye simu. Unadhani zile PDF ndo kusoma kwa kujifunza, na riwaya ndo kusoma kwa raha, na wenzako kwenye kundi wanaamini hivyo hivyo. Mi nikaangalia hayo majina uliyoyataja nikashangaa. Huyo Holt alikua mwalimu wa darasani, 1964 akaandika jinsi watoto wanavyoshindwa shuleni, 1977 akaanzisha gazeti la wazazi wanaofundisha nyumbani, na mtu huyo huyo alijifunza kupiga selo ukubwani, ule mfano wa fidla kubwa unaoshikwa katikati ya magoti, akaupenda mpaka akauandikia kitabu 1978. Siyo kwa ajili ya somo la mtoto yeyote, alipenda tu. Na huyo Bauer anayekutia presha na Kilatini, kitabu chake cha ratiba alichoandika na mama yake kilitoka 1999, lakini 2003 akatoa kingine cha watu wazima wanaotaka kujisomea wenyewe, na unajua anawaanzishia na nini? Riwaya. Historia inakuja baadaye. Hicho hawajakutupia kwenye kundi eti. Na Charlotte Mason, aliyefariki 1923, kelele zake zote zilikua mtoto asilishwe vitabu vikavu vya muhtasari, apewe vitabu vyenye uhai vilivyoandikwa na mtu anayelipenda analoliandika. Sasa mtoto apate wapi hamu ya kitabu chenye uhai kama mama anakishika kimevalishwa nguo ya hesabu?

Huku kwetu nako usiende mbali, Mwalimu Nyerere akiwa Rais wa nchi alipata muda wa kumtafsiri Shakespeare, tamthilia ya Kaizari ikatoka 1963 na Mabepari wa Venisi 1969 (ingawa sidhani kama alikua anachambua mchele huku anatafuta vina).

Lakini tafadhali, haya usimpelekee mumeo kama ushahidi mahakamani. Ukimwambia "hata Holt alifanya" atakuuliza Holt ni nani na anakaa wapi. Yeye hakuongelea kitabu. Rudi kwenye barua yako usome maneno yake, siku ya kwanza alisema asichekwe na ndugu, usiku mlipoongea akasema mama yake anauliza na yeye hana la kujibu. Huyo baba hana ripoti ya muhula ya kumuonyesha mama yake, hana yunifomu, hana kikao cha wazazi wala mahafali. Hana kitu cha kushika mkononi. Na huenda kuna jingine linamuwasha, maana Sheria ya Elimu ya 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule ya msingi akifika miaka saba, wako mdogo keshafika, na kama hamjawahi kukaa na afisa elimu kata mkajua mmesimama wapi basi kakaeni, hilo si la kuogopa barazani huku mkilikwepa ofisini. Ungemuuliza kitu gani kinamtia hofu zaidi, ungepata jibu nililolitaja au tofauti kabisa? Mi sijui, nabahatisha kwa umri.

Sasa hizo njia. Kuacha kabisa umeshajaribu na umeniandikia matokeo, ukawa mkali, kila kitu kinakukera. Unaweza kujaribu tena ukajipanga vizuri, wapo kina mama wanaoweka kando kwa miaka na hawaoni shida, na kama ni hivyo kwako sitakubishia, ila usifanye kwa sababu ya aibu ya kundi la wasap. Kuendelea kujificha kunakupa riwaya yako na amani ya nyumba kwa leo, bei yake unaiona chumbani kwa watoto.

Kuna watu wanatenga muda wa kusoma nyumba nzima, tuseme baada ya chakula cha mchana, lile jua la Dar linapopiga mpaka bati linalia na hakuna anayeelewa hesabu hata umchape, kila mtu na kitabu chake anachopenda, mama na riwaya, kijana na katuni, mdogo na picha. Kinakaa kwenye ratiba ukutani na baba anakiona. Napenda hii, siwezi kukuficha, ila ina vikwazo vyake. Baba watoto anaweza kuona umehalalisha uvivu kwa kuuandikia saa. Kijana wako naye akishajua ni ruhusa atakuomba Willy Gamba, na zile mwanangu unazijua zina nini ndani, mtoto wa miaka 10 siyo zake, kwahiyo uwe na jibu kabla hajauliza, na jibu zuri ni la "bado", siyo la kukificha tena juu ya kabati. Nina wasiwasi pia na kitu kimoja, raha ikishapangiwa saa na kusimamiwa inaweza kugeuka kipindi kama vipindi vingine, ukajikuta unamuuliza mtoto maswali ya ufahamu kwenye katuni. Hapo utakua umemuharibia.

Kuhusu hela kuna unafuu mdogo. Vitabu vya kiada vya TET vinasomeka bure kwenye Maktaba Mtandao yao, kwahiyo kama unanunua vyote kwa nakala angalia vipi ni vya lazima kushikwa mkononi na vipi mnaweza kusomea kwenye simu (ukishaipunguzia mzigo hiyo simu). Alafu kuna Maktaba Kuu ya Taifa pale barabara ya Bibi Titi, Mwalimu aliifungua 1967, ina sehemu ya watoto na ina Kiswahili cha kutosha. Kutoka Kinyerezi ni safari na foleni unaijua, siyo kitu cha kila wiki, ila mkienda siku moja na watoto, kila mtu akatafuta chake, unaweza ukaona mengi kwa kuangalia tu nani anasimama wapi. Na ile elfu tano yako itaje wazi kwenye bajeti, iandike "ya mama". Anaweza kukataa. Akikataa mtakua mnaongelea elfu tano iliyoandikwa, na hayo ni maongezi mepesi kuliko ya elfu tano iliyofichuliwa.

Alafu kuna hili la Kuli, sikuweza kulipita. Mwanangu, mume wako mtu wa bandarini, na wewe alikukuta unasoma riwaya inayohusu wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948! Alijua? Mi naona aliona "hadithi" tu. Kuna wanaume ukiwasomea kurasa mbili usiku kabla ya kulala, hapo watu wanapobeba mizigo na msimamizi anapiga kelele, atakukatiza kwa kukusahihisha jinsi kazi inavyofanyika, na hapo ushampata. Kuna wengine wanaona unawachezea akili. Wako ni yupi unamjua wewe, mi simjui hata sura. Na huo mgomo ni historia kabisa, mkubwa anaweza kusimuliwa akasimulia tena, ila usikimbilie kugeuza kila riwaya kuwa somo ili uhalalishe kuisoma. Hapo tutakua tumerudi kwenye kaki kwa mlango wa nyuma.

La kuwarudisha shule naliacha nje kidogo kwa makusudi. Inaweza kuwa sawa kabisa kuwarudisha, zipo shule za karibu zisizohitaji basi la alfajiri, na mama aliyechoka ana haki ya kusema amechoka. Ila kama ungeamua leo ungekua unaamua kwa sababu ya kitabu cha katuni. Lipe muda lisimame lenyewe.

Sasa kijana. Hapa ndo pagumu na sina njia iliyonyooka. Ukianza kuongea na yeye kabla ya baba yake, utamwambia ukweli wenu wawili alafu atabaki na siri ya mama ambayo baba haijui, na miaka kumi ni midogo kwa mzigo huo. Ukianza na baba, inabidi uamue kama unataja na ile SAYANSI au unaibakiza, na ukiitaja huenda kijana akabeba hasira ambayo sehemu yake ni yako. Ningekua mimi ningekua na mwelekeo wa kuanza na baba na kujitaja mwenyewe tu, kaki yangu, hela yangu, alafu la mtoto nimwachie mtoto alete mwenyewe siku akiona rafu imekaa wazi. Lakini mimi nimekaa mbali, sioni uso wa baba watoto jioni akiwa amechoka, na kuna nyumba ambazo ukweli wa namna hii unachagua siku yake.

Na pale kwenye rafu, ulipomkuta midomo inacheza. Umeniandikia kama kosa. Umewahi kumuuliza alifika wapi? Mtoto ambaye miaka miwili nyuma alikua anasinzia na tonge mkononi amesimama anasoma Kiswahili cha watu wazima bila kulazimishwa. Sisemi ulifanya vizuri kuficha. Nasema hilo nalo liingize kwenye hesabu unapokaa na baba yake.

Ukishaongea naye niandikie, hata mistari mitatu. Nataka sana kujua atajibu nini ukimuuliza anamwambiaga nini mama yake kwenye simu.

Anti